Suti na raba: Nani kasema ni uhuni?

Kuna kosa jipya mjini. Halimo katika Kanuni ya Adhabu, halina hakimu wala dhamana, lakini watuhumiwa wake ni wengi na hukumu inatolewa papo hapo, getini. Kosa lenyewe ni kijana kuvaa suti safi, shati limenyooshwa, ndevu zimechongwa, kisha miguuni akatia raba. Raba nyeupe, safi, kamba zimekaa sawa. Basi! Mlinzi anaanza kumkagua kutoka miguuni kwenda juu kana kwamba yuko mnadani ananunua ng'ombe. "Wewe kijana, hapa ni ofisi ya watu, siyo uwanja wa mpira."

Kesi hii haiishii getini. Kwenye kikao cha harusi utamsikia mjomba akiapa kwamba bwana harusi akithubutu kuvaa raba, yeye haingii ukumbini. Kwenye posa ndiyo usiseme; mshenga mwenyewe atakukana kabla hamjafika kwa wakwe. Na kila mahali neno linalotumika ni lile lile: uhuni.

Hebu tulitazame neno hilo kabla hatujalipokea. Katika mji huu wa Dar es Salaam mhuni hajawahi kuwa mwizi na jambazi peke yao. Wakati wa mkoloni mhuni alikuwa kijana aliyekuja mjini bila kazi ya kuajiriwa. Akikamatwa anarudishwa kijijini kwao. Mwaka 1983, nchi ikiwa huru kwa zaidi ya miaka 20, ikaja sheria ya Nguvu Kazi, na vijana wakasombwa mitaani kwa kushindwa kuonyesha kwamba wana kazi inayotambulika. Kwa hiyo kijana wa leo akiitwa mhuni kwa sababu ya viatu, ajue amerithishwa jina la zamani sana. Hata wanaolitoa hawaulizi amefanya nini. Wanatazama kwamba yuko mjini, ni kijana, na hana mtu wake ofisini.

Sasa tuanzie chini, maana kesi yenyewe iko chini.

Kiatu wanachokisifu wakubwa, kile cha ngozi chenye soli nyembamba inayolia ko! ko! ko! sakafuni, ni kiatu cha mwenye gari. Sisemi kwa husuda. Kiangalieni kilivyo. Soli yake ikiwa ya ngozi hunywa maji, ikishalowa huteleza kwenye vigae, na mishono huanza kuoza. Ngozi ya juu inataka kiwi kila siku, inataka kukaushwa kivulini, inataka kupumzishwa: leo ukivae, kesho ukiache. Kiatu hicho ni cha mtu anayetoka barazani kwake, anapanda shangingi lenye vioo vyeusi, anashuka kwenye vigae, anaingia kwenye lifti. Siku nzima hatembei hatua 300, na nusu ya hizo ziko juu ya zulia.

Mchukue sasa kijana wa Mbagala, Gongo la Mboto au Kivule. Anaamka giza bado. Anapita kichochoro cha mchanga, anaruka dimbwi ambalo diwani aliahidi kulifukia, anafika kituoni, anagombea daladala. Ndani amesimama kwa mguu mmoja, na huo mmoja umekanyagwa na abiria wawili pamoja na konda. Anashuka Kariakoo na kukata mguu hadi Posta, kwa sababu nauli ya kuunganisha ataihitaji jioni. Msimu wa mvua ongeza tope. Pale Jangwani, miaka nenda miaka rudi, mvua kubwa ikinyesha maji yamekuwa yakiikata Barabara ya Morogoro, na hata mwendokasi tulioupokea kwa shangwe mwaka 2016 ukawa unasimama kama daladala bovu. Kiatu cha zulia kitafika wapi katika safari hiyo? Miezi mitatu kisigino kimelika upande. Mwezi wa nne kimefungua mdomo kinaomba chakula.

Raba ina soli nene ya mpira inayokanyaga maji bila kuyanywa. Ikichafuka unaifuta kwa kitambaa kilicholowa, kazi imekwisha. Mtu anaweza kutembea nayo kilomita 5 akaingia kwenye usaili bila malengelenge. Kiatu kinafuata njia, na njia za wengi wetu bado ni za vumbi.

Ndiyo maana kuna ufundi mmoja ambao wakubwa hawaujui, kwa kuwa hawajawahi kuuhitaji. Kijana anatoka nyumbani na raba, moka anazibeba mfukoni. Zamani ulikuwa mfuko wa rambo, kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku Juni 2019. Siku hizi ni wa kitambaa. Akikaribia ofisini anapita kwa mama ntilie, anaomba stuli, anabadili. Raba zinalala chini ya meza ya chapati mpaka jioni. Yeye anaingia anang'aa, na bosi anamsifia: "Safi sana, huyu ndiye kijana nadhifu." Moka hiyo imetembea mita 50! Viatu vilivyomleta mjini viko kwa mama ntilie vinamsubiri. Niambieni ninyi, kati ya hivyo viwili, kiatu cha kazi ni kipi?

Watu wenye elimu zao wanajibu kwamba suti ina adabu zake, na raba inaivunjia suti heshima. Suti ipi? Suti ya nani?

Suti yenyewe ililetwa na Mzungu, na wenye madaraka hawajawahi kukubaliana juu yake. Enzi za Mwalimu, mkubwa wa Serikali aliyetaka kuheshimika alivaa suti ya Chou En Lai au ya Kaunda, na mwenye tai alitiliwa shaka kwamba ana kasumba. Jirani zetu wa Zaire walikwenda mbali zaidi: mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mobutu alipiga marufuku suti na tai, akawavika wanaume abacost, jina lililotokana na maneno ya Kifaransa ya kuilaani suti. Marufuku hiyo ikaja kuondolewa mwaka 1990. Halafu geukia Kenya. Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alitangaza kwamba suti ya Kaunda haitakiwi bungeni. Mwanaume aje na koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Yaani vazi lililokuwa kosa Kinshasa likawa ndiyo lazima Nairobi, na vazi lililokuwa la heshima Dar es Salaam likawa ndiyo kosa Nairobi!

Hapa kwetu nako, Juni 2021, mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa ukumbini Dodoma na Spika wa wakati huo, Job Ndugai, kwa sababu ya suruali aliyovaa. Wakubwa hubadili sheria za nguo kama wanavyobadili mawaziri, na kila wakibadili wanatuambia kwamba hizo mpya ndizo mila na desturi.

Kama ni mila, twendeni Pwani. Mzee wa Kizaramo, au wa Tanga, au wa Unguja, akienda kwenye ndoa au baraza la Idi anavaa kanzu, juu yake koti la suti, kichwani kofia ya viua, miguuni makubadhi. Koti la Kizungu juu ya kanzu, na chini viatu vya wazi, vidole vinapunga upepo! Hakuna mwenye akili timamu aliyewahi kumwita mzee huyo mhuni. Hata Kanuni za Bunge zimelitambua vazi la mwambao. Wazee wale walichukua kwa mgeni koti walilolipenda, wakaliweka pamoja na kiatu kinachofaa mchanga wa kwao, wakatoka zao. Wajukuu wamefanya lile lile, ila mchanga umekuwa na lami kidogo na makubadhi yamekuwa raba.

Mwenye kumbukumbu fupi nimkumbushe Operesheni Vijana. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio, na kuanzia Januari 1, 1969 sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana zikawa marufuku Dar es Salaam. Hata tarehe haijafika, makundi ya vijana wa kiume yalikuwa yameshawavamia wasichana kwenye kituo cha mabasi Kariakoo, eti wanalinda utamaduni. Wasichana ndio walioumia zaidi, na hadi leo ndio wanaoumia zaidi. Sisi wanaume tunalia getini, wao wanashikwashikwa kituoni. Je, mitindo ilikoma? Thubutu! Miaka ya 1970 ndipo mji ulipofurika bugaluu, pekosi na viatu vya raizoni vyenye visigino virefu kama ngazi. Waliovaa raizoni ndio wastaafu wa leo wanaotikisa vichwa wakiona raba. Wazee wetu, shikamooni, lakini picha zenu ukutani tunaziona.

Na mabosi wa miaka 50 na ushei? Hao ni vijana wa miaka ya 1990. Ndio waliojaa kwenye mashindano ya Yo! Rap Bonanza, ndio waliorukaruka na Kwanza Unit, jinzi pana zimeshuka, raba hazikufungwa kamba. Waliitwa wahuni, muziki wao ukaitwa wa kihuni. Baadaye msanii wa kizazi hicho, Joseph Mbilinyi tunayemwita Sugu, akachaguliwa mbunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010, na mwenzake Joseph Haule, Profesa Jay, akachaguliwa Mikumi mwaka 2015. Wahuni wakaapishwa Dodoma! Leo mwenzao aliyebahatika kuwa meneja anamrudisha getini mtoto wa aliyekuwa akigombea naye kaseti. Kulikoni?

Wapo watakaosema mwandishi kaishiwa, nchi ina matatizo makubwa yeye anaandika viatu. Haya, tuongee nchi basi.

Anayetaka kijana avae kiatu cha ngozi cha heshima amwonyeshe kilipo. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, ni miongoni mwa nchi za Afrika zenye ng'ombe wengi kabisa. Viatu viko wapi? Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Serikali ilichukua hisa nyingi katika kampuni ya viatu ya Bata, ile iliyokuja kuitwa Bora. Kisha, kwa fedha za Benki ya Dunia, kikajengwa Kiwanda cha Viatu cha Morogoro. Mpango ulikuwa wa kutisha: jozi milioni 4 kwa mwaka, zitoshe nchi nzima, na robo tatu yake ziuzwe Ulaya. Mzungu avae kiatu cha Morogoro! Jengo likasimamishwa na kuta za alumini, bila mfumo wa kupitisha hewa, katika joto lile mnalolijua. Kiwanda hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Deni halikufungwa.

Nani aliitwa mhuni kwa hilo? Hakuna. Waliolipanga walikuwa wamevaa vizuri sana.

Pengo lile likazibwa na mitumba. Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, mabero yakaingia, na miguu ya taifa ikahamia huko. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kwamba nguo na viatu vya mitumba viondolewe hatua kwa hatua hadi mwaka 2019, ili viwanda vyetu vifufuke. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa Serikali yao. Mwaka 2017 Marekani ikatangaza kuipitia upya nafasi ya nchi hizi katika mpango wa AGOA, ule wa kuuza bidhaa kwao bila ushuru. Kenya ikalegeza, Uganda ikalegeza, na sisi tukalegeza. Rwanda ilikaza, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Kwa hiyo jozi unayoichagua pale Karume ina siasa zake, tena za Washington. Anayemcheka kijana kwa kuvaa mtumba amcheke na aliyeshindwa kumpa kingine.

Na hapa ndipo kichekesho kilipo. Ingia maduka ya bei ya kabwela utafute hiyo moka mpya ya ofisini. Nyingi ni plastiki iliyopakwa mafuta ikang'aa. Ndani ya kisigino kuna boksi, na mvua ya kwanza inalitoa siri yake nje. Wiki ya pili ngozi inabanduka magamba kama samaki. Wakati huo huo, kwa fedha hiyo hiyo au chini yake, Karume, soko lililoteketea Januari 2022 likainuka tena, kijana mwenye jicho anaweza kutoka na raba ya ngozi halisi, imeshonwa pembeni, soli nzima. Raba ndiyo ya ngozi, moka ndiyo ya plastiki! Mlinzi getini hajui hilo. Anamrudisha mwenye ngozi, anamsalimia mwenye plastiki.

Vijana, nimewatetea vya kutosha, sasa nanyi nisikilizeni, kwa sababu wengine mnaniangusha.

Raba siyo zote. Zile za mbio, za kijani na chungwa kama kasuku, zenye soli iliyopinda kama mtumbwi, mahali pake ni Jumamosi asubuhi kwenye jogging. Ukizitia chini ya suti umempa mjomba ushahidi. Ya kuvalia suti ni ile ya chini, nyepesi machoni, rangi moja juu hadi chini: nyeupe, nyeusi au kahawia, na ikiwezekana ya ngozi. Umbo la Stan Smith, kiatu cha tenisi ambacho mwanzo wake ni miaka ya 1960, mpaka leo halijapata mpinzani kwa kazi hii. Air Force 1 tunayoipenda sana ilitolewa mwaka 1982 kwa ajili ya mpira wa kikapu, ni kiatu kinene. Chini ya suruali nyembamba miguu inaonekana kama ya mtu aliyekanyaga saruji mbichi. Ukitaka kuivaa, suruali yako iwe na upana kidogo.

Suruali yenyewe ipelekeni kwa fundi. Hapo ndipo wengi mnapopotea: suti imetoka dukani au kwenye bero, miguu ni mirefu, inarundikana juu ya raba kama pazia la gesti. Fundi wa mtaani ataipunguza ikaishia kwenye kifundo, na vazi zima litabadilika sura. Anayeanza aanze na kadeti na koti, asirukie suti kamili. Na tai? Mimi kwa maoni yangu tai na raba bado hazijapatana. Chagua mmoja. Shati jeupe limefungwa mpaka juu linatosha, au fulana nyeusi isiyo na maandishi.

Maandishi ndiyo ugonjwa mwingine. Kijana anavaa kopi yenye jina kubwa la kampuni ya Marekani, na herufi moja imekosewa. Raba isiyo na jina haichekwi na mtu; jina lililokosewa linachekwa na mji mzima. Kama mfuko hauruhusu orijino, nunua isiyo na jina, utalala usingizi.

Mnaokwenda Karume, msinunue kwa macho tu. Geuza kiatu uangalie kisigino kimelika upande gani. Kikiwa kimelika sana upande mmoja, kitakupindisha na wewe. Ingiza mkono ndani, pekua ukutani mwa kisigino, hapo ndipo panapotoboka. Bonyeza soli kwa dole gumba kwa nguvu. Kuna raba nzuri sana zilizokaa stoo miaka, zinaonekana mpya kabisa, lakini soli imeshakufa kwa unyevu. Siku ya tatu barabarani inamong'onyoka kama biskuti iliyotumbukizwa kwenye chai. Muuzaji anajua. Wewe ndiye usiyejua.

Kuhusu usafi sina mjadala. Raba nyeupe iliyochafuka chini ya suti ni mbaya kuliko kandambili. Mswaki wa zamani, sabuni kidogo, kamba zifuliwe peke yake. Msizianike juani mchana kutwa, jua linageuza soli kuwa njano. Ndani jazeni magazeti yafyonze maji. Hata hili linafaa, ukishalisoma na kumpa jirani asome.

Mahali pengine nawaambia msiende nazo. Kwa wakwe vaeni moka, ukwe una gharama zake na hiyo ni ndogo kuliko zote. Anayeingia utumishi wa umma asome waraka wake wa mavazi kwanza, asije akasema gazeti lilimtuma. Msibani mvae mnavyotaka kwa sababu tunakaa mkekani na viatu vinavuliwa. Kesi inajifuta yenyewe.

Kinachobaki ni mlango wa ajira, na hapo sina utani. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwenye stashahada ya uhasibu, aliitwa kwenye usaili katika kampuni ambayo sitaitaja. Koti, shati, kadeti, raba nyeusi safi kabisa. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi mkononi mwa mlinzi. Akaambiwa arudi na viatu. Akaazima moka za dereva wa bodaboda, kubwa kuliko mguu wake, akaingia anaburuza. Jina lilikuwa limeshapita. Hakuulizwa hesabu hata moja. Miaka mitatu ya chuo, ada aliyouziwa shamba na baba yake, vyote vimeamuliwa na mtu ambaye hakuambiwa na yeyote kwamba raba ni kosa, alidhani tu.

Barua ya kumwita ilitaja vyeti halisi, picha mbili, kitambulisho na saa ya kufika. Viatu haikutaja. Waajiri, kama viatu ni sifa ya kazi, viandikeni kwenye tangazo, pale chini ya shahada na ule uzoefu wa miaka mitano mnaoudai kwa mtoto aliyemaliza chuo jana: "Mwombaji awe na viatu vya ngozi, vyeusi, vya kufunga kamba." Tutasoma. Mwenye kuweza kununua atanunua, wa kuazima ataazima mapema, na asiyeweza atabaki nyumbani na nauli yake. Mbagala hadi Posta, kwenda na kurudi, siyo fedha ya kuchezewa na mlinzi.